Mdogo wangu kapata chuo, mkopo hautoshi. Tuuze shamba la mama?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Makambako, mkoa wa Njombe. Ni mtoto wa kwanza kwetu. Tangu baba afariki mwaka 2019 nasaidiana na mama kulea wadogo zangu. Anayenifuata, binti, kamaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwa daraja la pili na amechaguliwa kusoma shahada ya ualimu wa sayansi katika chuo kimoja cha umma Dar es Salaam. Ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wetu. Siku majina yalipotoka mama alichinja kuku.

Shida ilianza mkopo ulipotoka. Bodi ya Mikopo imempa bumu, yaani hela ya chakula na malazi, na hela ya vitabu, lakini kwenye ada wamempangia 520,000 tu wakati ada ya mwaka ni 1,300,000. Zimebaki 780,000. Michango mingine ya chuo, yaani bima, usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi na kadhalika, inafika 150,000. Chumba cha kupanga karibu na chuo tumeambiwa 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 480,000. Laptop 850,000. Godoro, vyombo, jiko la gesi na nguo, 250,000. Nauli 50,000. Jumla 2,560,000. Mimi nina akiba ya 620,000.

Sisi tulizoea kwamba shule haina ada. Kidato cha tano na sita alisoma shule ya serikali bila kulipa ada, tukidhani sehemu ngumu imeisha. Kumbe!

Tumekaa na mama tukaona njia tatu. Ya kwanza ni kuuza kipande cha shamba, nusu eka, chenye parachichi za Hass zilizo mwaka wa tatu. Mtu ametoa 1,800,000. Ya pili, mimi nikope 1,500,000 kwa jamaa mmoja mjini hapa. Anashika kadi ya pikipiki na riba ni asilimia 30 kwa mwezi. Nikitoa mafuta na matengenezo, kwa siku nabaki na kama 15,000. Njia ya tatu ni aahirishe mwaka, akae nyumbani, tujipange. Mdogo wangu akisikia hiyo ya tatu hapati usingizi.

Baba mdogo yuko Dodoma na ana kazi nzuri. Aliahidi "atasimama na sisi", lakini sasa simu hapokei. Shangazi yetu anaishi Mbagala, Dar es Salaam, kwenye chumba na sebule, na watoto watatu. Halafu kijana wa steshenari aliyemjazia mdogo wangu maombi ya mkopo anasema ana mtu wake wa kusukuma mkopo uongezeke, tumpe 150,000.

Jambo moja nisilifiche: baba hana cheti cha kifo. Alifia nyumbani, tukamzika kijijini, hakuna aliyefuatilia. Kwenye maombi tuliandika amefariki bila kuambatisha chochote.

Kati ya hizo njia tatu, tushike ipi?

Kaka mtu, Makambako

* * *

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mama na kwa binti. PCB daraja la pili kutoka shule ya serikali, kwenye nyumba iliyozika baba binti akiwa bado shuleni, si jambo dogo.

Nakujibu moja kwa moja: hata moja. Shamba lisiuzwe, kadi ya pikipiki isitoke mfukoni mwako, na binti asiahirishe. Hela uliyonayo, kama itatumika kwa mpangilio, inamwingiza chuoni.

Hizo 2,560,000 mmezijumlisha kana kwamba zote zinadaiwa siku moja, wakati chuo hakidai hivyo. Vyuo vyetu vya umma kwa kawaida hupokea ada kwa muhula, nusu mwanzoni na nusu muhula wa pili. Soma maelekezo ya kujiunga aliyopewa na barua ya udahili, kipengele cha malipo. Kama hakieleweki, apige simu ofisi ya uhasibu ya chuo na kuuliza hivi: "Mwanafunzi mwenye mkopo wa ada wa sehemu anatakiwa alipe kiasi gani ili asajiliwe muhula wa kwanza?" Wakimjibu nusu, nusu ya 780,000 ni 390,000. Ongeza michango 150,000 inakuwa 540,000. Weka nauli 50,000, unafika 590,000. Wewe una 620,000.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo watoto wengi wa kutoka mikoani wanapokwama. Bodi ya Mikopo inampa hela mwanafunzi aliyesajiliwa. Asiposajiliwa hasaini, na asiposaini bumu haliingii. Kila mwaka kuna mtoto anayefika Dar na laki sita, anamlipa mwenye nyumba miezi sita, ananunua godoro, kisha anabaki hana ya usajili. Bumu lake liko pale kwenye mfumo linamsubiri, na yeye anashinda njaa kwenye chumba alichokilipia. Kwa hiyo shilingi ya kwanza hadi ya mwisho ya akiba yako inakwenda kwenye usajili na nauli. Alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya chuo, huku huku Makambako, kabla hajapanda basi, ili asitembee na fedha mkononi.

Laptop isubiri. Najua itamuuma, kwa sababu wenzake watakuwa nazo. Lakini mwaka wa kwanza wa ualimu wa sayansi una mihadhara, maabara na hendauti za kutoa kopi. Kazi za kuchapa atafanyia kwenye kompyuta za maktaba. Akifika mwaka wa pili atanunua iliyotumika kwa chini ya nusu ya hiyo 850,000, na kufikia hapo atakuwa anajua anahitaji ya namna gani.

Chumba nacho kisubiri. Aombe bweni la chuo leo, wala asisubiri kufika. Bweni la chuo cha umma mara nyingi halifiki nusu ya kodi ya mtaani, na hakuna mwenye nyumba wa kudai miezi sita. Vitanda havitoshi, hilo ni kweli. Ndiyo maana wanafunzi wana kile wanachokiita kubebana, wawili kitanda kimoja, mmoja akiwa halali na mwingine mgeni. Sitamshauri hivyo, kwa sababu akikamatwa anayeumia ni mwenye kitanda. Akikosa bweni, atafute wasichana wawili wa darasa lake wapange chumba kimoja. Hiyo 80,000 ikigawanywa kwa watatu haifiki 27,000 kwa kichwa. Wenzake hao atawapata wiki ya kwanza ya masomo, sio sasa, kwa hiyo asilipie chumba kwa simu akiwa Makambako. Wanaopangisha kwa simu vyumba wasivyovimiliki wapo, na msimu wao ni mwezi ambao vyuo vinafunguliwa.

Wiki hizo za mwanzo alale kwa shangazi Mbagala. Ni mbali, ataamka alfajiri, na nyumba imejaa. Lakini usimpeleke mikono mitupu. Njombe mna mahindi, maharage na viazi. Mfungie gunia la unga na debe la maharage lipande basi naye. Mgeni anayekuja na unga kwenye nyumba ya watoto watatu hamlemei mwenyeji, na hicho ndicho chakula chake mwenyewe mpaka bumu liingie. Godoro, sufuria na mashuka mnavyo hapo nyumbani, kwa hiyo hiyo 250,000 karibu yote ifuteni.

Bumu likishaingia hesabu inabadilika. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 kiwango ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Linakuja kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni 600,000. Kwa mtoto ambaye hajawahi kushika laki sita, hela hiyo inaonekana nyingi mno siku ya kwanza, na siku ya arobaini haionekani kabisa. Mwambie siku linapoingia atoe 150,000 pembeni kabla hajanunua chochote, ambayo ni 2,500 kwa siku. Mafungu mawili yakipita kabla ya muhula wa pili atakuwa na 300,000. Ada ya muhula wa pili ni 390,000. Wewe utaongeza 90,000, ambayo ni siku sita za bodaboda, na una miezi kadhaa ya kuitafuta. Anayeishi bwenini au kwenye chumba cha watatu, anayepika au kula mgahawa wa chuo, anaweza kuishi kwa 7,500. Hatakula chipsi kuku. Atashiba.

Kuhusu huyo jamaa wa asilimia 30: riba ya 1,500,000 kwa mwezi ni 450,000. Mapato yako ya siku 15,000 ukifanya kazi mwezi mzima bila kupumzika hata Jumapili ni 450,000. Yaani utafanya kazi kwa ajili ya riba peke yake, deni lenyewe likiwa limekaa pale pale, na mwezi ukikushinda pikipiki inaondoka. Hawa watu hawakuitwa kausha damu kwa bahati mbaya.

Na shamba. Parachichi za Hass za mwaka wa tatu ndizo hizo zinakaribia kuanza kuzaa. Huyo anayetoa 1,800,000 anajua hilo, ndiyo sababu amekuja sasa na sio mlipokuwa mnachimba mashimo. Shahada ni miaka mitatu na mna wadogo wengine nyuma yake. Shamba hilo ndilo litakalosaidia ada ya mwaka wa pili, wa tatu, na ya mdogo anayefuata. Mama asilisaini.

Sasa nije kwenye jambo uliloliweka mwishoni kana kwamba ni dogo. Kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika. Bodi inapanga mkopo kwa kuangalia uhitaji, na uhitaji unathibitishwa kwa karatasi. Mtoto aliyefiwa na mzazi anaangaliwa tofauti, lakini kwa Bodi kifo kisicho na cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, hakijathibitishwa. Mliandika baba amefariki, hamkuambatisha kitu, basi mdogo wako akapimwa bila sifa hiyo. Sina uhakika kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kupata 520,000, lakini ndiyo sababu mnayoweza kuirekebisha.

Fanya hivi wiki hii, hata kama utalaza pikipiki siku mbili. Nenda na mama kijijini alikozikwa baba, mwone mtendaji wa kijiji, akuandikie barua ya kuthibitisha kifo: jina kamili, tarehe, mahali alipofia na alipozikwa. Kama kibali cha mazishi kilitolewa, kitafuteni. Kama hakikutolewa, waendeni wazee waliokuwepo msibani wawe mashahidi. Chukueni kitambulisho chochote cha baba, kadi ya mpiga kura au kadi ya kliniki. Kisha nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya Njombe, ndiko usajili wa vizazi na vifo unakofanyika kwa niaba ya RITA. Waambieni mnasajili kifo kilichochelewa. Angalieni kwa makini majina. Kama cheti cha kuzaliwa cha binti kinasema baba ni Yohana na cha kifo kikaandikwa Yohane, mtarudi. Nimeona familia zikipoteza mwaka mzima kwa herufi moja. Cheti kikitoka, kihakikiwe kwenye mfumo wa RITA, kuna ada ndogo ya kulipia.

Baada ya awamu za mikopo kutangazwa, Bodi hufungua dirisha la rufaa. Halikai wazi muda mrefu, kwa hiyo cheti kiwe mkononi kabla. Rufaa haihitaji maneno ya kutia huruma. Inahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa, na uthibitisho kwamba alisoma shule za serikali. Ikikubaliwa, asilimia ya ada inaweza kupanda, na hapo hesabu yote niliyokupa hapo juu inakuwa nyepesi zaidi.

Huyo kijana wa steshenari msimpe hata mia. Hakuna mtu wa kusukuma. Maombi yalilipiwa 30,000 kwa namba ya malipo na mfumo ndio unaopanga. Ila kuna jambo lingine juu yake linalonitia wasiwasi: yeye ndiye aliyemfungulia mdogo wako akaunti ya maombi, na bila shaka nywila anayo yeye, labda na barua pepe ni ya kwake. Mdogo wako aende leo, adai taarifa zake zote, abadilishe nywila na namba ya simu iwe yake mwenyewe. Akaunti hiyo ya SIPA, yaani akaunti yake ya kudumu kwenye mfumo wa Bodi, ndiyo itakayobeba mkopo wake mpaka amalize. Haiwezi kukaa kwenye daftari la steshenari.

Baba mdogo. Mwanangu, watu wazima wenye kazi hukimbia simu wanapohisi wataombwa kitu kisicho na mwisho. Aliahidi "atasimama na sisi", lakini hajui kusimama huko ni kiasi gani, kwa hiyo anaogopa. Acha kumpigia. Mtumie ujumbe mfupi, wa heshima, wenye bili moja: "Shikamoo baba mdogo. Binti anaanza chuo. Tunaomba utulipie bima yake ya afya ya mwaka huu, 50,400. Namba ya malipo ni hii." Basi. Analipa moja kwa moja, hela haipiti mkononi kwako, na jambo linakwisha siku hiyo hiyo. Mwingine kwenye ukoo mpe ile 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), mwingine kitambulisho. Ukoo wenu ukichangia harusi kila mtu ana kadi yenye kiwango chake. Kwenye ada nako wapeni viwango. Kila bili ikibebwa na mtu, ile 150,000 inapungua, na akiba yako inabaki na kitu cha dharura.

Kuna wazo jingine nataka mlifikirie, ingawa binti huenda asilipende. Shahada ya ualimu wa sayansi haipatikani Dar es Salaam peke yake. Iringa kuna Mkwawa, chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na kinafundisha ualimu wa sayansi. Kutoka Makambako ni saa chache za basi. Unga unaweza kumfikishia wewe mwenyewe, chumba Iringa ni nafuu kuliko Dar, na likizo fupi anarudi nyumbani bila nauli ya kuumiza. Mwanzoni mwa mwaka wa kwanza TCU hutoa nafasi ya kuhama chuo kwa wenye sifa, kama huko wanakokwenda kuna nafasi, na mkopo huhamishwa pamoja na mwanafunzi. Mzungumze naye. Kama moyo wake uko Dar, mwache aende, mpango niliokupa unambeba. Lakini asichague Dar kwa sababu tu wenzake wanakwenda Dar.

Na ajue tangu sasa kwamba bumu ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kwa mshahara wa 700,000 hiyo ni 105,000. Afadhali siku hizi: ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni haliongezeki likiwa limekaa. Hata hivyo ajira za walimu zinachelewa, na nyinyi nyumbani msitegemee kwamba mwezi baada ya mahafali ataanza kuwasomesha wadogo. Muhula wa kwanza asianze biashara yoyote bwenini. Mkopo unaendelea kwa anayefaulu. Akidisko, yaani akifukuzwa chuo kwa kufeli, hela na mwaka vimekwenda pamoja, na deni anabaki nalo.

Nina neno pia kwa wanaosimamia vyuo vyetu, maana najua wapo wanaosoma safu hii. Nchi ilifanya jambo jema sana kuondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, kisha cha tano na sita mwaka 2022. Matokeo yake ni watoto kama huyu, wanaofika mlango wa chuo kutoka nyumba ambazo hazijawahi kulipa ada kubwa kwa mkupuo. Waandikieni kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo ya kujiunga, kwa Kiswahili mama yake anachokisoma: kiasi cha chini cha kusajiliwa ni hiki, kinachobaki kinalipwa lini, bweni linaombwa wapi. Na vitanda vya mwaka wa kwanza wapeni kwanza wanaotoka mbali wasio na ndugu mjini. Mistari hiyo michache ingezuia shamba la parachichi kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kesho asubuhi, basi, ni kwa mtendaji wa kijiji. Cheti kikitoka, nipigie picha cheti hicho na cha kuzaliwa cha binti, ufunike namba, unitumie. Nitayalinganisha majina pamoja nawe kabla hamjatuma rufaa.

Shangazi yako